Nilimcheka mdogo wangu kwa ndevu, kisha zikamwota binti yangu

Mwaka jana, wakati wa kuamia ndege, nilimpelekea binti yangu uji shambani. Shamba letu la mpunga liko Michenga, mbali kidogo na nyumbani, na shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo fupi. Zamu ya kukaa dunguni ilikuwa yake. Nilipokaribia sikusikia debe likipigwa wala mtu akipiga kelele. Kweleakwelea walikuwa wametua upande mmoja wa shamba wanajilia. Nikapanda dungu nimekasirika, tayari kugomba.

Nikamkuta amekaa na kipande cha kioo amekiegemeza kwenye nguzo. Mkononi ana kile kibanio chetu cha kutolea miiba, anang'oa nywele kidevuni, moja moja. Kidevu chote kilikuwa na vipele, vingine vinatoa damu. Aliponiona alijifunika kwa kanga mpaka puani.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu kidato cha kwanza, mama." Wakati huo alikuwa kidato cha tatu, ana miaka kumi na sita. Miaka miwili naishi naye nyumba moja, nakula naye sinia moja, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye kazi yangu ni kuangalia watoto. Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa naona tu kwamba anapenda kujifunga mtandio hata kwenye joto, nikadhani ni heshima.

Swali langu la pili ndilo ninalolijutia. Nilisema, "Umemeza vidonge gani wewe?" Sikumpa pole. Nilianza kwa kumshuku.

Alilia, kisha akanijibu neno ambalo mpaka leo halijatoka kichwani mwangu. "Sikukwambia kwa sababu nilijua utanicheka, kama ulivyomcheka yule mama anayeuza dagaa."

Ni kweli. Sokoni Ifakara kuna mama mmoja mwenye ndevu. Siku moja tulipotoka kununua kwake, mimi na jirani yangu tulicheka njia nzima, na binti yangu alikuwa nyuma yetu amebeba kikapu. Yeye wakati huo alikuwa ameshaanza kujikagua kwenye kioo.

Mdogo wangu wa Muscat

Ndevu hizi hazikuanza kwa binti yangu. Mdogo wangu, tunayefuatana naye kuzaliwa, zilimwota tukiwa wasichana. Mimi ndiye niliyempa jina la "Babu". Wavulana wa mtaani walilichukua kwangu. Alipokuwa darasa la saba alikuwa anaitwa Babu mpaka na watoto wadogo.

Alinyoa kwa wembe wa baba kwa siri. Mama alipogundua alimkataza, akasema ukinyoa zitakomaa. Bibi naye akamshika akamnyonyoa kwa majivu, kama wazee walivyozoea kunyonyoa kwapa. Kidevu kikavimba wiki nzima. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani nacheka.

Baadaye alipanda treni ya TAZARA kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko akapata kazi za ndani Muscat, Oman. Wote tulitegemea atatuma pesa ya kuezeka nyumba ya wazazi kwa bati. Pesa ilikuja, lakini kidogo kidogo, kwa karibu miaka miwili. Nilimlaumu sana kwenye simu. Nilimwambia amesahau kwao, anakula raha Uarabuni. Hakujibu chochote. Aliporudi likizo, baada ya miaka minne, kidevu chake kilikuwa laini kama cha mtoto. Nikadhani ni dawa za Waarabu, na sikumuuliza.

Jioni ile ya dunguni, ndiye mtu wa kwanza niliyemfikiria. Lakini niliona aibu kumpigia. Badala yake nikatumia akili zangu mwenyewe, na nikakosea mara mbili.

Krimu ya dukani

Kosa la kwanza lilikuwa krimu. Kidevu cha binti yangu kilikuwa kimebaki na madoa meusi kwa sababu ya kung'oang'oa. Muuzaji mmoja wa vipodozi akanichanganyia kopo, akasema hii inafuta madoa na kumaliza nywele. Kwa lugha yetu ya mtaani, ule ulikuwa mkorogo. Wiki mbili za kwanza ngozi iling'aa kweli, nikamsifu yule muuzaji kwa majirani. Mwezi wa pili ngozi ikawa nyembamba, ikawa inawasha akikaa juani, chunusi zikajaa, na nywele zikazidi kuenea mpaka mashavuni.

Baadaye ndipo nilipoelezwa sababu. Mikorogo mingi huwa na dawa za jamii ya steroidi, zile ambazo daktari huandika kwa ugonjwa maalumu wa ngozi na kwa muda mfupi. Ukizipaka usoni kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta chunusi, na mojawapo ya madhara yake ni kuotesha nywele pale pale unapopaka. Nilikuwa namwagilia ninachotaka kikauke. Nyingine huwa na zebaki au haidrokwinoni, ambazo vipodozi vyake vimepigwa marufuku hapa nchini, lakini kopo la kuchanganywa halina maandishi ya kukwambia kilichomo.

Kosa la pili lilikuwa kumkataza asinyoe. Nilirudia maneno ya mama yangu neno kwa neno: ukinyoa zitakomaa. Kumbe jambo hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1928 mtaalamu wa viungo vya mwili wa Marekani, Mildred Trotter, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kufundisha Makerere, Uganda, alipima nywele zilizonyolewa na kukuta kunyoa hakuziongezi unene wala kasi ya kuota. Wembe hukata nywele katikati, pale ilipo nene, kwa hiyo inapochomoza tena inakuwa na ncha butu, na mkono unahisi kama imekomaa. Kinachoharibu zaidi ni kung'oa vibaya kwa vibanio vichafu, maana vinyweleo huvimba, vingine huota kwa kupinda vikaingia ndani ya ngozi, na kuacha madoa.

Kwa hiyo mtoto alikuwa amekatazwa kile kisichomdhuru, akapakwa kile kinachomdhuru. Na aliyefanya yote mawili ni mama yake.

Wakati huohuo shuleni alikuwa ameshapewa jina. Walimwita "Anko". Mwezi wa saba akaanza kuniambia tumbo linamuuma kila Jumatatu. Mwezi wa nane akaniambia hataki tena shule, bora abaki kulima. Hapo nikajua hili si suala la urembo. Nilikuwa nakaribia kumpoteza mtoto kwa sababu ya nywele.

Nikampigia mdogo wangu.

Simu ya usiku

Nilianza kwa kumwomba msamaha. Sikuwa nimejiandaa, maneno yalitoka hovyo. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Dada, hayo ya zamani tutayaongea nikija. Mtoto ameshaonwa na daktari?"

Nikamwambia hapana, nilitaka kwanza anieleze hiyo dawa aliyotumia yeye.

Akasema, "Hakuna dawa. Ni sindano na umeme. Lakini usianze huko. Mimi nilianza huko nikapoteza pesa ya miezi sita, kila zikitolewa zinaota nyingine. Mpaka mtu mmoja aliponiambia nikapime homoni. Mpeleke hospitali kwanza."

Juma lile lile tukachukua bajaji mpaka hospitalini Ifakara. Daktari alikuwa mwanamama mtu mzima. Alimwambia binti yangu, "Binti, keti hapa karibu, huyu mama atanyamaza kidogo." Akamuuliza maswali ambayo mimi sijawahi kumuuliza. Ndevu zilianza lini? Zilikuja polepole au ghafla? Sauti imebadilika? Siku zake anaziona kila mwezi? Hapo ndipo nilipojua kwamba siku zake zinapotea miezi mitatu, minne. Na mimi pedi nilikuwa nanunua kila mwezi, yeye anazikusanya chini ya godoro ili nisiulize.

Daktari alitueleza kwamba kila mwanamke ana homoni za kiume kwa kiasi kidogo, na zikizidi, au ngozi ikiwa inaziitikia sana, nywele nene huota pale zinapoota kwa wanaume: kidevuni, juu ya mdomo, kifuani, tumboni. Kwa wengine ni maumbile ya ukoo tu, hakuna ugonjwa. Sababu kubwa ya kawaida ni ile hali ambayo madaktari huiita kwa herufi PCOS, ambapo ovari hazipevushi mayai kwa mpangilio na homoni za kiume huzidi. Kati ya wanawake kumi walio katika umri wa kuzaa, mmoja hivi anayo, na wengi hawajui. Akaongeza kwamba kama ndevu zingekuja ghafla ndani ya miezi michache na sauti kuwa nzito, angetuharakisha zaidi, maana mara chache huweza kuwa uvimbe.

Walimpima damu, sukari, presha, uzito, na utrasaundi ya tumbo. Majibu mengine tulisubiri. Ilikuwa PCOS.

Hapo ukaja mtihani mwingine. Matibabu aliyoandikiwa, pamoja na mazoezi na kupunguza sukari na vyakula vya kukaanga, yalikuwa vidonge vya uzazi wa mpango. Niliposikia nilisimama. Vidonge vya uzazi kwa mtoto wa miaka kumi na sita, watu wakijua watasema nini? Daktari akanieleza bila kunikaripia kwamba hapa vidonge hivyo ni vya kutuliza homoni na kurudisha siku zake, kwamba siku zikikosekana kwa muda mrefu ukuta wa mji wa mimba unaweza kuharibika, na kwamba nywele hazitapungua kabla ya miezi sita hivi, kwa hiyo tusikate tamaa. Nikaondoka na cheti mkononi na moyo mzito.

Nilikuwa naogopa zaidi kumwambia baba yake. Alisikiliza huku ananoa jembe. Akauliza, "Anaumwa au haumwi?" Nikasema anaumwa. Akasema, "Basi anywe dawa." Akaendelea kunoa. Wakati mwingine tunawaogopa baba za watoto wetu bure.

Sindano na umeme

Sasa niseme kuhusu hiyo sindano, maana wazazi wengi nilioongea nao baadaye walitaka kujua hilo tu.

Wakulima wa huku wote tunaijua ndago. Ukiifyeka kwa jembe, shamba linaonekana safi siku tatu, kisha inachipua, kwa sababu kitunguu chake kiko chini ya udongo. Kunyoa ni kufyeka ndago. Kunyonyoa kwa uzi, nta, majivu au kwa sukari iliyopikwa na ndimu ni kuivuta na kuacha kitunguu chini: inachukua muda zaidi, lakini inarudi. Sindano ya umeme inakwenda kuua kile kitunguu.

Mdogo wangu alinieleza hivi. Unalala kitandani, taa kali usoni. Mtaalamu anachukua sindano nyembamba kama unywele wenyewe, anaipenyeza kwenye tundu ileile unywele unamotokea, bila kutoboa ngozi upya. Anapitisha umeme kidogo kwa sekunde chache. Kuna njia ambayo umeme huunguza mzizi kwa joto. Na kuna ile ya kwanza kabisa, ambayo umeme hugeuza chumvi na maji yaliyomo ndani ya tundu kuwa kostiki, ya jamii ile ile tunayotengenezea sabuni, nayo ikaumaliza mzizi. Wengine huchanganya njia zote mbili. Maumivu yake, alisema, ni kama kuumwa na siafu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Baadaye mtaalamu anaushika unywele kwa kibanio na unatoka wenyewe bila kuvutwa. Ukikataa kutoka, maana yake mzizi haujafa.

Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya ndevu. Mwaka 1875 daktari wa macho wa mji wa St. Louis, Marekani, Charles Michel, alieleza jinsi alivyoitumia kwa wagonjwa ambao kope zao zinaota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Tatizo hilo wazee wa Dodoma wanalijua vizuri kwa sababu ya ugonjwa wa trakoma. Kope ziking'olewa hurudi, naye alitaka zisirudi.

Kwa hiyo ni kweli kwamba ipo njia ya kuondoa nywele moja kwa moja, na ni hii. Lakini ina masharti ambayo matangazo hayasemi.

Kwanza, ni unywele mmoja kwa wakati mmoja. Pili, nywele hazioti zote pamoja. Leo zipo zilizo juu, na zipo zilizolala ndani ya ngozi ambazo zitachomoza baada ya wiki au miezi. Mdogo wangu alikwenda kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, nusu saa nusu saa. Baada ya miezi kadhaa ikawa kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Jumla ilikuwa mwaka mmoja na nusu, kwa kidevu tu. Tatu, kama homoni hazijatulia, mpya zinaendelea kuamka wakati wewe unaua za zamani. Ndiyo ile pesa yake ya miezi sita iliyopotea.

Akaniambia, "Bati la nyumba ya mama ndilo lililokuwa kidevuni kwangu, dada. Nilikuwa nasikia unavyonitukana kwenye simu, lakini ningekwambiaje wewe?"

Sikuwa na la kumjibu.

Milele kwa siku moja

Binti yangu aliposikia habari hizo alichangamka. Akanionyesha kwenye simu tangazo la sehemu moja Dar es Salaam: kuondoa ndevu milele, siku moja tu. Bei yake ilikuwa sawa na magunia kadhaa ya mpunga, na baba yake alikuwa tayari kuuza.

Mdogo wangu akasema tupige simu kwanza tuulize maswali manne. Nayaandika hapa kwa sababu yametuokoa.

La kwanza: mnatumia sindano au mwanga? Wakajibu mwanga, yaani leza. Leza hutafuta weusi wa unywele na kuuchoma. Ngozi yetu nayo ni nyeusi, na mashine isiyofaa ngozi nyeusi huunguza vyote viwili. Zipo leza zinazoweza kutumika kwenye ngozi nyeusi zikiwa mikononi mwa mjuzi, na huwasaidia wengi, lakini hupunguza nywele, si kuzimaliza zote. Na kwa wasichana wenye matatizo ya homoni, wakati mwingine usoni huamsha nywele badala ya kuzipunguza. Tulipouliza mashine yao ni ya aina gani, hawakuweza kutujibu.

La pili: sindano, kwa wanaotumia sindano, ni mpya kwa kila mteja? Hili halina mjadala. Sindano moja kwa watu wawili ni njia ya kupitisha homa ya ini na Virusi vya Ukimwi.

La tatu: mnajaribu kwanza sehemu ndogo na kusubiri? Binti yangu alipotobolewa masikio akiwa mdogo, sikio moja lilivimba likawa na kovu gumu kama punje ya hindi. Ngozi za namna hiyo ziko nyingi kwetu. Mtu mwenye makovu ya kuvimba lazima aseme mapema, ajaribiwe nywele chache, pengine sehemu iliyojificha chini ya kidevu, asubiri miezi aone. Vinginevyo unabadilisha ndevu kwa makovu, na makovu huwezi kuyanyoa.

La nne: itachukua muda gani? Anayekwambia siku moja, mshukuru na ukate simu.

Ahadi za namna hiyo hazikuanza leo. Baada ya mionzi ya eksirei kugunduliwa, daktari mmoja wa Vienna aliitumia mwaka 1896 kuondoa nywele za mtoto. Miaka ya 1920 huko Marekani zilifunguliwa saluni za kuondolea ndevu za wanawake kwa eksirei. Hakuna maumivu, hakuna sindano, unakaa tu mbele ya kiboksi. Nywele zilidondoka kweli. Baada ya miaka, ngozi za wanawake wengi zilikauka, zikaota vidonda, na wengine wakapata saratani. Walikuwa wanawake kama mdogo wangu na mwanangu, waliochoka kuchekwa.

Hatukuuza mpunga.

Tulipofikia

Leo binti yangu yuko kidato cha nne. Vidonge anakunywa, siku zake zimerudi, krimu tuliitupa chooni. Nywele za mashavuni zimepungua. Za kidevuni bado zipo. Ananyoa kila baada ya siku mbili, asubuhi, uani, mbele ya kioo kilekile, kwa wembe wake mwenyewe ambao baba yake alimnunulia bila kuambiwa. Analowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ananyoa kufuata nywele zinakolalia, anapaka mafuta ya mgando. Madoa yanafifia.

Shuleni hawakuacha kumwita Anko kwa siku moja. Nilikwenda kumwona mwalimu wa malezi, tukazungumza, akaongea na darasa bila kumtaja mtu. Lakini kilichosaidia zaidi ni yeye mwenyewe. Siku moja mvulana alipomwita akamjibu, "Ndiyo mpwa wangu, shikamoo iko wapi?" Darasa likamcheka yule mvulana. Aliponisimulia nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia. Asingepaswa kujifunza ujasiri huo peke yake.

Kuhusu sindano, ameamua mwenyewe atasubiri. Daktari alishauri homoni zitulie kwanza, na lile kovu la sikio linatutisha. Akimaliza shule, akiona bado anaitaka, tutatafuta mtaalamu wa ngozi amwone kabla ya yote. Mavuno yaliyopita baba yake alitenga gunia moja, akasema hili ni la kidevu. Akiamua kwamba hahitaji, litakuwa la nauli ya chuo.

Mzazi mwenzangu, kama una binti anayejifunga mtandio kwenye joto, anayejifungia na kioo, anayeugua kila Jumatatu, kaa naye. Usianze na swali la vidonge gani amemeza. Muulize kuhusu siku zake, na nenda naye hospitali kabla ya kwenda dukani wala saluni. Mwambie kunyoa si dhambi wala si hatari. Na mwambie kwamba hiyo njia ya kumaliza nywele ipo kweli, lakini ina muda wake, gharama zake na hatari zake, na haikimbii. Anaweza kuichagua akiwa mtu mzima, au asiichague.

Na uangalie unamcheka nani mbele yake. Watoto wanatusikiliza wakiwa wamebeba vikapu nyuma yetu.

Mdogo wangu alikuja mwezi wa kumi na mbili. Tulikaa uani usiku, mimi, yeye na binti yangu. Mtoto akamshika kidevu, akakipapasa, akasema, "Mama mdogo, ni laini kweli." Akamjibu, "Ni laini, mwanangu. Lakini hata kilipokuwa na ndevu kilikuwa changu." Kisha akanigeukia mimi na kusema, "Haya dada, yale ya zamani. Anza wewe."

Nikaanza.